SAFARI YA BUGWEMA KATIKA NYUMBA YA MAGURUDUMU

Kuunga udugu ni wajibu ambao Waislamu hukumbushwa mara kwa mara misikitini na majumbani, wala hatudhani kuwa yuko msomaji wetu hata mmoja atakayeukana. Lakini kukubali ni jambo moja na kufunga mizigo ni jambo jingine. Mtu mwenye watoto wanne na mzazi mzee anapotaka kwenda kuwaona jamaa zake walio mbali, kwanza hushika kalamu na karatasi. Akisha kujumlisha nauli za watu saba, na vyumba vya kulala, na chakula cha kununua njiani, aghalabu huiweka kalamu chini na kusema, "Inshallah, mwakani." Na mwaka hufuata mwaka.

Sisi nasi tulikuwa katika hali hiyo kwa muda wa miaka tisa. Mama yetu mzazi asili yake ni Bugwema, katika Wilaya ya Musoma, Mkoa wa Mara. Alisilimu kabla ya kuolewa na marehemu baba yetu, kisha akahamia naye Mwanza. Na kaka yake, ambaye ndiye mjomba wetu, alibaki katika mji wa wazee wao. Kila kiangazi kilipoingia mama alikuwa akituuliza, "Je, mwaka huu tutakwenda?" nasi tulikuwa tukimjibu kwa hesabu zetu. Mwaka mmoja hakuuliza. Kunyamaza kwake kulituchoma kuliko kuuliza kwake, kwani tulifahamu kuwa amekwisha kukata tamaa, na kwamba sisi ndio tuliomkatisha.

Ndipo tulipoanza kuitazama kwa jicho jingine motokaa yetu kuukuu aina ya Toyota HiAce, ambayo siku zote ilikuwa ikituchukulia mizigo ya duka. Tulijiuliza: chombo kinachobeba magunia ya mchele, je, hakiwezi kubeba godoro, maji na sufuria, tukasafiri nacho na kulala humo humo, bila ya kumlipa mtu kodi ya chumba? Habari tunazoziandika hapa ni za jaribio hilo. Tumeziandika kwa ajili ya nyumba za Waislamu zenye gari la namna hiyo, na zenye jamaa wasioonwa kwa miaka mingi, wapate kuyafuata yaliyofaa na kuyaepuka yale tuliyoyakosea.

Nyumba nyepesi

Nyumba inayohama si jambo geni lililozuliwa na watu wa Ulaya. Katika Suratun-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anatukumbusha neema ya makao, na pamoja na nyumba za kukaa anazitaja zile za ngozi za wanyama ambazo msafiri huziona nyepesi anapohama na anapotua. Mwenye kuizingatia aya hiyo ataona kwamba wepesi umehesabiwa kuwa sehemu ya neema yenyewe. Nasi neno hilo tulilifanya kipimo cha kazi yetu yote, ingawa, kama tutakavyoeleza, tulilisahau mara moja tukajuta.

Huko Ujerumani kampuni ya Volkswagen ilianza kuunda magari yake madogo ya mizigo na abiria mwaka 1950. Na mwaka uliofuata, 1951, kampuni ya Westfalia ikayatengenezea kasha la vifaa vya safari, ambalo mtu aliweza kulitia ndani wakati wa likizo na kulitoa anaporudi kazini. Fikra hiyo ndiyo iliyotupendeza sana, yaani gari lisiache kazi yake. HiAce nayo ilianza kuundwa Japani mwaka 1967, na leo ni vigumu kuupata mji wa Tanzania usioijua, kwani imebeba abiria wa daladala, wagonjwa, maharusi na hata majeneza. Vipuri vyake hupatikana katika miji midogo, na fundi wa kuifungua hakosekani. Basi mwenye haja ya nyumba ya safari hana sababu ya kuagiza motokaa maalumu kutoka ng'ambo. Huenda aitakayo imeegeshwa mlangoni kwake.

Matengenezo

Sharti la kwanza tulilojiwekea ni kwamba hakuna mtu atakayesafiri juu ya godoro. Tumeona magari ambayo viti vyake vimeng'olewa vyote, watoto wakalazwa nyuma kama mizigo. Na gari likisimama ghafla, mtoto asiyefungwa mkanda hurushwa mbele wala hapana mkono wa mama utakaomzuia. Tuliviacha viti vitatu vya mbele, na nyuma yake tukaiacha safu moja ya viti vinne, kila kimoja na mkanda wake. Watu saba, viti saba, mikanda saba. Mwenye nyumba ya watu wengi zaidi kuliko viti hana budi kuwapeleka wengine kwa basi. Hilo si aibu.

Tena, mwenye kutaka kubadili umbo la motokaa, kama kukata paa, kuongeza dirisha au kuondoa viti moja kwa moja, hana budi kwanza kuuliza kwa wenye mamlaka ya usajili na kwa kampuni ya bima yake. Gari lisilofanana na kadi yake humtia mwenyewe katika mashaka barabarani, na likipata ajali huenda bima ikakataa kulipa. Sisi hatukukata bati lolote. Kila tulichokitia kilifungwa kwa bolti, na kila bolti huweza kufunguliwa kwa spana moja.

Kitanda ndicho kilichofuata. Nyuma ya safu ya viti palikuwa na nafasi ya urefu wa mita 1 na sentimita 80, na upana wa mita 1 na nusu. Fundi seremala alitutengenezea makasha mawili ya plaiwudi yenye vifuniko vya bawaba, ambayo mchana huwa ni sanduku la nguo na vyombo, na usiku vifuniko vyake huwa ni kitanda. Juu yake tuliweka godoro la sponji la unene wa inchi 4, lililokatwa vipande vitatu ili likunjike. Migongo ya viti vile vinne nayo hulazwa nyuma, na mtoto mdogo hupata mahali pake. Humo ndimo walimokusudiwa kulala mama, mama wa watoto wetu na mabinti wawili. Sisi na vijana wa kiume tulitengenezewa turubai lenye pete, ambalo hufungwa ubavuni mwa motokaa na kushikwa na nguzo mbili, likawa kama ukumbi. Chini yake hutandikwa mkeka na magodoro membamba, na chandarua hutundikwa juu. Madirisha yalitiwa mapazia ya kitenge kizito yanayofungwa pande zote, ili wanawake wapate sitara kama walivyo chumbani mwao.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu. Tuliona haya kwamba nyumba yetu haina kabati, tukamwamuru fundi atengeneze la mninga, lenye milango minne na vitasa vya shaba. Lilipendeza sana, lakini lilihitaji wanaume wanne kulipandisha. Siku ya kuijaribu motokaa ililala upande mmoja kila tulipokata kona, na breki zikawa zinachelewa kushika. Tulilishusha siku hiyo hiyo, na hata sasa liko jikoni kwetu likitukumbusha israfu yetu. Mahali pake tuliweka ndoo mbili za plastiki zenye vifuniko, na hakuna aliyelala njaa kwa kukosa vitasa vya shaba.

Kwa taa na umeme, fundi wa umeme wa magari alitutilia betri ya pili, iliyotengwa na ile ya kuwashia injini, ili tukiitumia usiku kucha bado asubuhi motokaa iwake. Hesabu yake ni nyepesi na kila kijana aweza kuifanya. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa saa-ampea 100 ina nguvu ya saa-wati 1,200. Na ili isiharibike mapema, yafaa kutumia nusu tu, yaani 600. Taa mbili za wati 5, zikiwaka saa 5, hula 50. Feni ndogo ya wati 15, ikizunguka saa 8, hula 120. Simu nne zikijazwa hula karibu 60. Jumla ni 230, hata usiku wa pili haumalizi kile tulichojiruhusu. Na mchana motokaa ikitembea, betri hujazwa tena. Sharti ni kila waya uwe na fyuzi yake karibu na betri, kwani waya ulioungua ndani ya gari lenye magodoro ni msiba.

Na kuhusu moto, twawasihi wasomaji wetu wayasome maneno haya mara mbili. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya gari lililofungwa, wala kwa kupika, wala kwa kuota moto, hata kama makaa yameonekana kufifia. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo mtu aliyelala huivuta asiamke. Kadhalika injini isiachwe ikinguruma wakati watu wamelala ndani. Sisi tulichukua mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, tukapika nje daima, mbali na turubai. Na usiku madirisha mawili ya pande zinazokabiliana yaliachwa wazi, yakiwa yamefunikwa kwa wavu wa kuzuia mbu.

Jumla ya vitu vilivyonunuliwa vipya ilikuwa ni plaiwudi, sponji, betri, nyaya, turubai na wavu. Vingine vyote vilitoka nyumbani. Ukiliondoa lile kabati la kiburi, gharama yote ilikaribia ile ya safari moja ya mabasi na vyumba tuliyokuwa tukiiogopa kwa miaka tisa.

Njiani

Tuliondoka Mwanza mwezi wa Julai, baada ya sala ya Alfajiri, tukasoma dua ya safari, vijana wakiitikia. Kutoka Mwanza hadi Musoma ni mwendo wa kilomita zipatazo 220, nasi tulikusudia kuiacha barabara kuu kabla ya kufika Musoma yenyewe. Tulipita Magu, kisha Lamadi. Na mbele ya Lamadi barabara hupita kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Hapo liko lango la Ndabaka, na hapo barabara huvuka mito Mbalageti na Grumeti, itokayo mbugani na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Hatukuingia mbugani, kwani kulala humo kuna ada zake na viwanja vyake maalumu, na safari yetu ilikuwa ya jamaa. Lakini watoto waliwaona punda milia wakila majani bila ya hofu, nao mama akawaambia kuwa kwao utotoni waliambiwa wasiende kuchota maji peke yao kwa sababu ya wanyama.

Sala ya Adhuhuri na ya Alasiri tulizisali pamoja, kwa kupunguza, tulipopumzika Bunda. Hapa ndipo tulipoona faida ya nyumba yetu. Msafiri wa basi huomba dereva asimame, na pengine hakubaliwi. Sisi tulisimama tulipotaka, na wanawake wakatawadha nyuma ya pazia. Maji tuliyapima kabla. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kadiri ya mudi moja, ambayo haifiki lita moja. Basi tulimwekea kila mtu kopo la lita moja, na dumu la lita 20 lenye bomba dogo likatutosha watu saba kwa kutawadha mara mbili, na masalio ya kunawa mikono. Watoto waliozoea kuliacha bomba la nyumbani likitiririka walijifunza njiani jambo ambalo hatukuweza kuwafunza kwa maneno.

Bugwema

Mbele ya Bunda tuliiacha lami, tukashika njia ya udongo upande wa magharibi. Kata ya Bugwema ina vijiji vya Bugwema, Masinono, Kinyang'erere na Muhoji. Mashariki yake, ng'ambo ya barabara kuu, iko Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Na magharibi yako maji ya Ziwa Victoria. Ni nchi ya Wajita na jirani zao Wakwaya na Waruri, nchi ya mihogo, mahindi, mtama na pamba, yenye mawe makubwa yaliyokaa juu ya mengine kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Katikati yake liko bonde pana la Bugwema, ambalo kwa miaka mingi limetajwa katika mipango ya kilimo cha umwagiliaji kwa maji ya ziwa. Udongo wake mweusi ni mzuri kwa mkulima na mbaya kwa magurudumu. Mwenye kwenda na motokaa ndogo asithubutu wakati wa masika. Sisi tuliukuta mkavu, tukapita kwa vumbi tu.

Mama alianza kulia kabla hatujafika, alipouona mti aliokuwa akicheza chini yake. Mjomba alitoka na fimbo yake, wakasalimiana kwa Kijita kwa muda mrefu, salamu juu ya salamu, nasi tukasimama tukingoja. Jamaa zetu wengi wa huko ni Wakristo. Lakini hatukuhisi ugeni, na watoto wa pande mbili walikwisha kupotelea shambani kabla ya mizigo kushushwa. Mjomba alitupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji kutujulisha, jambo ambalo kila mwenye kulala katika gari mahali asipojulikana yampasa alifanye kabla ya jua kuchwa. Kisha tuliigeuza motokaa uani kwa kufuata kibla. Kutoka Bugwema Makka iko kaskazini, ikielekea kidogo mashariki; basi pua ya gari ilipoelekezwa huko, kila mtu alijua pa kuelekea hata gizani.

Tulifunga turubai, tukawasha taa zetu, tukaanza kupika wali. Tulikuwa tumefurahi sana kwa kazi ya mikono yetu, hata hatukuona kuwa mjomba amekaa mlangoni pake kimya. Mwisho alituita.

"Mjomba," alisema, "nyumba yangu imekosa nini?"

Tulimweleza kwamba tumekuja watu saba, na kwamba hatukutaka kumhamisha mtu kitandani mwake, wala kummalizia mtu chakula chake. Tulidhani kuwa atatushukuru.

"Mgeni asiyetaka kumhamisha mtu kitandani," alijibu, "huyo amekuja kwa majirani, hakuja kwa ndugu. Miaka tisa nimengoja. Sasa mmekuja na nyumba yenu, na maji yenu, na sufuria yenu. Mmeniachia nini mimi?"

Hatukuwa na jibu. Tuliona haya kuliko siku ile ya kabati. Mambo yote tulikuwa tumeyapima, uzito na maji na umeme, ila hatukupima haki ya mwenyeji ya kukirimu. Dini yetu imemuusia mwenye nyumba amkirimu mgeni wake, na imemuusia mgeni asimtie mwenyeji katika dhiki. Nasi tulikuwa tumeishika nusu ya pili tukaisahau ya kwanza.

Mama ndiye aliyeamua. "Kaka," alisema, "mimi nitalala ndani kwako, na mabinti hawa wawili watalala nami, wapate kuijua nyumba ya mama yangu. Hawa wengine waache na gari lao hapo mlangoni. Usiku watakuwa walinzi wako, na mchana watakula kwako." Mjomba aliridhika. Tulizima jiko letu, na wali ule tukauingiza ndani ukawa sehemu ya chakula cha wote. Kesho yake alileta mbuzi na kisu, akampa kijana wetu mkubwa, akasema, "Chinja wewe, kwa desturi yenu, tule sote." Hakuna aliyemfundisha jambo hilo, ni adabu ya zamani ya nchi yetu, nasi twaomba isipotee.

Ziwani

Tulikaa siku tatu. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, haruhusiwi tena kupunguza sala. Nasi kwa kuwa tulinuia chini ya hizo, tuliendelea kupunguza. Tumelitaja hili kwa sababu vijana wengi husafiri wasijue mpaka wake.

Siku ya tatu mjomba alituomba jambo. Miguu yake imechoka, na mama naye hawezi tena mwendo mrefu. Walitaka kwenda kuyaona makaburi ya wazazi wao, kisha kufika ufukoni walikokuwa wakioga utotoni. Tuliwafunga mikanda, tukawapeleka polepole. Makaburini mama alisimama kimya akikumbuka mauti, kisha tukashuka ziwani. Hatukusogea hadi ukingo wa maji, tukaegesha mahali palipoinuka, kwa kuwa ziwa hilo lina mamba, na viboko hutoka usiku kula majani. Watoto tuliwakataza kuoga, kwani katika maji ya kina kifupi yenye majani huishi konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, navyo hupenya katika ngozi bila ya mtu kuhisi. Waliridhika kuwatazama wavuvi wakianika dagaa.

Tulifungua mlango wa nyuma, tukakunjua godoro, na wazee wawili wakalala juu ya kitanda chetu wakielekea maji, mito chini ya vichwa vyao. Walizungumza kwa Kijita mchana kutwa. Watoto walituuliza wanasema nini, nasi tuliweza kuwafasiria nusu tu, kwa kuwa lugha ya mama yetu hatukuijifunza barabara. Na hilo pia ni katika malipo ya ile miaka tisa. Wakati wa Alasiri mjomba aliketi, akaligonga kasha la plaiwudi kwa fimbo yake, akasema, "Mjomba, gari hili lina faida. Nililichukia kwa kuwa nilidhani mmelitengeneza ili msiingie kwangu."

Maneno hayo tumerudi nayo, nayo ndiyo tuliyotaka kuwafikishia wasomaji wetu. Nyumba ya magurudumu ni neema kwa mwenye kipato kidogo. Huondoa kodi ya vyumba, huwapa wanawake sitara, huwapa wasafiri nafasi ya kusali kwa wakati, na huwafanya watoto wajue thamani ya kopo la maji. Lakini yaweza pia kuwa ukuta. Mtu akiitumia ili afike kwa jamaa asiokuwa na njia nyingine ya kuwafikia, ameunga udugu; akiitumia ili akae uani mwao bila ya kuwahitaji, ameukata akiwa mlangoni. Basi atengenezaye ahesabu uzito wa ubao na nguvu ya betri, na pamoja na hayo aache mahali patupu kwa ajili ya mwenyeji wake: asichukue chakula cha kutosha kabisa, wala asijaze kila kiti anaporudi. Sisi wakati wa kurudi tulimbana mtoto mmoja? La, hasha, viti ni saba. Kijana wetu mkubwa alirudi kwa basi, na kiti chake akakikalia mjomba, aje akae Mwanza kwa mwezi mmoja nyumbani kwa dada yake.

Siku ya Jumatatu tuliyafungua makasha kwa spana yetu, tukayaweka stoo, na motokaa ikarudi kubeba magunia. Jioni mama alitujia tulipokuwa tukifunga hesabu za duka, akauliza, "Je, mwakani tutakwenda?"

Safari hii hatukushika kalamu. Tulimjibu, "Inshallah, tutakwenda," nasi twamwomba Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutimiza, na awawezeshe wasomaji wetu kuwaona jamaa zao wangali hai. Amin.